Bibi Tupokigwe Aliyevundika Ua Pamoja na Ndizi

UA LILITOKA! Ndugu, majirani na marafiki wote mliofika hapa Kawetele, tunajua wasifu huwa unaanza na kuzaliwa, lakini Bibi Tupokigwe mwenyewe asingekubali. Asubuhi ya tarehe 2 Septemba 2024, mmea wake uliokaa sebuleni zaidi ya miaka minne ukitoa majani tu ulichomoza ua la pinki, na bibi akapiga kelele mpaka babu akaja mbio na panga akidhani ni nyoka. Hiyo ndiyo ilikuwa siku yake kubwa kuliko zote. Mengine tunayasimulia kwa utaratibu wake, ila mjue kabisa kwamba tunaelekea huko.

Bibi Tupokigwe Mwalwisi alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 kule Isongole, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Ambokile Mwalwisi na marehemu mama Elina. Kwao walilima viazi na mahindi, na baridi ya Isongole mnaijua, hatuna haja ya kuieleza. Wanaomkumbuka utotoni walisema alikuwa na tabia moja ya ajabu. Alikuwa anafukua viazi vya mama yake kuangalia kama vimekua, halafu anavifukia tena taratibu ili asijulikane. Alijulikana. Viazi vya mstari wake vilikuwa vidogo kuliko vya wote, na mama yake akamwambia, "Wewe mtoto, kiazi ukikichungulia kila siku kinaona aibu kukua." Bibi alikuwa anahadithia hivyo mpaka uzeeni huku anacheka mwenyewe.

Alianza shule ya msingi hapo hapo Isongole mwaka 1962 na kumaliza darasa la saba mwaka 1968. Hesabu hakuzipenda, alikuwa anasema wazi. Alichopenda ni bustani ya shule, na mwalimu alimpa tuta lake mwenyewe la vitunguu, ambalo alilimwagilia hata siku za mvua. Yaani mvua inanyesha na yeye yuko pale na kopo.

Mwaka 1970 alianza kazi ya kuchuma chai kwenye shamba moja la chai karibu na Tukuyu. Alikuwa na mkono mwepesi, majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, tena huku anaongea. Hapo kwenye mzani wa chai ndipo alipokuwa anasimama kijana mmoja mrefu, Geresoni Mwakanyamale, kazi yake kupima vikapu. Siku ya kwanza tu Geresoni akaleta utani.

"Dada, hiki kikapu umeweka mawe?"

"Mawe unayo wewe kichwani," bibi akamjibu. "Pima chai, kaka."

Watu wote kwenye foleni wakaangua kicheko, na Geresoni akapima huku anatabasamu. Walifunga ndoa kanisani hapa Kawetele, Jumamosi tarehe 7 Agosti 1976. Mungu akawajalia watoto watatu: Beatrice, Hosea na Erasto, kitindamimba wao. Babu alikuwa anasema mpaka leo hajawahi kumshinda bibi kwa maneno, na bibi alikuwa anasema ni kweli.

Mgongo ulipoanza kumsumbua, mwaka 1989, aliacha chai akaingia kwenye ndizi. Na hapa jamani lazima tuseme ukweli, Tukuyu nzima hakukuwa na mtu wa kuvundika ndizi kama Bibi Tupokigwe. Alikuwa na pipa lake jikoni. Chini anatandika majani makavu ya mgomba, juu anapanga vichana vya ndizi za kisukari vikiwa bado vya kijani, katikati anachomeka ndizi chache zilizokwisha kuiva, anafunika na majani tena, gunia, kisha blanketi kuukuu la babu. Hakuna kufunua hovyo. Ukifunua anakuuliza, "Wewe ukiwa umelala nakufunua?" Siku akifungua pipa, harufu inafika barabarani, na ndizi zote zimeiva sawasawa, njano tupu, hakuna iliyooza wala iliyobaki kuwa ngumu. Kwa pipa hilo watoto wote watatu walisoma.

Sasa tuje kwenye mmea. Januari 2020 Beatrice alikuja likizo kutoka Dar es Salaam akiwa ameubeba mapajani njia nzima. Kule Dar kuna jirani yake anayefuga mimea ya ndani, ile inayotoka nchi za mbali huko kwenye misitu ya joto, akamkatia chipukizi. Ukiuona utasema ni kichwa cha nanasi, maana ukoo wake ni huo huo wa mananasi, ila majani ni mapana yenye mistari ya kijivu kama yamepakwa majivu, na katikati yamejikunja yakafanya kikombe. Beatrice akaonyesha kwenye simu picha ya mama wa huo mmea: ua la pinki, limechongoka kama nyota, na ndani yake vimaua vidogo vya bluu. Bibi akaishika simu kwa mikono miwili.

"Na huu utatoa hivi?"

"Utatoa, mama. Ukikua."

Basi. Maneno mawili tu hayo, bibi akayachukua kama yalivyo. Nyumbani wakauita nanasi la Dar.

Makosa aliyafanya, tena mengi. Kwanza alimwagilia udongo kila asubuhi kama anamwagilia maharage, mizizi ikaanza kuoza. Akaja kujifunza kwamba mmea ule unakunywa kwa kile kikombe cha katikati, udongo wenyewe unataka unyevu kidogo tu, na maji ya kikombe yanabadilishwa yasinuke. Akautoa nje upate jua, majani yakaungua madoa. Akaurudisha ndani karibu na dirisha, penye mwanga lakini jua lisilochoma, na hapo ukatulia ukapendeza. Ulikuwa mkubwa, mzima, majani yamenyooka kama askari. Lakini ua, hakuna. Jirani yake mpendwa, mama Atupokile, alikuwa akipita anachungulia mlangoni.

"Tupokigwe, hilo dume. Kama papai dume. Kata utupe."

"Kata mipapai yako, mama. Hili niachie."

Mpaka hapo ilikuwa ni utani wa nyumbani tu. Ikafika Machi 2022, na hapa familia imekubaliana tuseme, kwa sababu wengi mnaijua na bibi hakupenda mambo ya kufichaficha. Erasto alikuwa anataka parachichi. Rungwe nzima ilikuwa inapanda parachichi, na yeye aliona mibuni ya babu imezeeka. Babu alipokwenda Mbeya kutibiwa macho, Erasto akaikata mibuni yote ya mteremko wa juu, akapanda miche ya parachichi. Babu akarudi akakuta visiki. Mibuni ile aliipanda na baba yake. Hakupiga kelele. Alisema, "Nyumba hii ina mwenye nyumba mmoja," akaingia ndani akafunga mlango.

Erasto akafunga begi. Bibi akamfuata mpaka barabarani, akalishika begi.

"Utarudi lini, mwanangu?"

Erasto alikuwa na hasira, machozi yako karibu. Akasema, "Mama, nitarudi siku hilo nanasi lako likitoa ua."

Kila aliyekuwa pale alielewa maana yake ni kwamba harudi. Bodaboda ikaondoka. Watu wakabaki wanamwangalia bibi atalia au vipi. Bibi akapangusa mikono kwenye kitenge akasema, "Mmesikia wenyewe. Ameahidi." Jioni hiyo akampigia Beatrice, na wala hakumwambia kwamba mdogo wake amefukuzwa. Alimwambia, "Mdogo wako ameenda Makambako kwenye mbao, atarudi ua likitoka. Sasa niambie, yule jirani yako analifanyia nini likatoa?"

Kuanzia siku hiyo nanasi la Dar halikuwa pambo tena.

Mwanzoni mwa 2023 miguu ya bibi ikaanza kuvimba na pumzi ikawa inakatika akipanda mteremko. Alipelekwa hospitali Igogwe, wakakuta moyo umetanuka, wakampa dawa na kumwambia apunguze kazi na chumvi. Chumvi alipunguza. Aliporudi aliwakalisha wote sebuleni, akasema mtu yeyote asimwambie Erasto.

Hosea akasema, "Mama, akijua unaumwa atakuja kesho."

"Ndiyo maana sitaki ajue. Akija kwa sababu naumwa, nikipata nafuu ataondoka tena. Mimi nataka aje kwa neno lake."

Babu alikuwa amekaa pale pale, anaangalia kofia yake. Erasto alikuwa anapiga simu Jumapili, dakika mbili, na bibi anajibu kwa sauti ya juu kabisa, "Mimi mzima!" halafu akikata simu anakaa chini kuvuta pumzi.

Ndiyo ikaja Juni 2024, ule ukungu wenyewe wa Juni. Mjukuu wake Happyness, mtoto wa Hosea, alikuwa ameingia kwenye video za watu wanaofuga mimea ya aina ile, akakimbilia jikoni na simu.

"Bibi! Wanasema mmea ukishakua mkubwa lakini ukagoma, unachukua epo, lile tufaha, lililoiva, unaviweka pamoja kwenye mfuko, unafunga. Epo likiiva linatoa hewa fulani. Mmea ukiipata hiyo hewa unajua muda umefika, unatoa ua!"

"Epo linatoka wapi hapa?"

"Mjini dukani, bibi."

Bibi alikuwa anafunika pipa. Akasimama na gunia mkononi.

"Hebu angalia hapo kwenye simu yako. Hiyo hewa, ndizi haina?"

Happyness akatafuta, akatafuta. Akainua macho. "Bibi... inayo. Wanasema ndizi mbivu nayo inayo."

Jamani, bibi alicheka mpaka akakaa kwenye kigoda. Alicheka machozi. "Miaka yote nimeifuga hiyo hewa kwenye pipa, na nyie mnanituma mjini kununua epo! Nileteeni nanasi langu!"

Wakamwaga maji ya kile kikombe mpaka kikakauka, maana ndivyo video ilivyoagiza, wakauingiza mmea na kopo lake kwenye pipa, kisukari zimeuzunguka, majani, gunia, blanketi. Babu akaja kuota moto akakuta kazi inaendelea.

"Sasa unavundika mpaka maua? Mwisho utanivundika na mimi."

"Wewe uliiva zamani," bibi akasema. "Nikikuweka humo utaoza."

Babu akacheka. Ilikuwa muda mrefu hajacheka.

Baada ya kama wiki hivi wakafungua. Ndizi zilikuwa nzuri kama kawaida. Nanasi la Dar lilikuwa vile vile, tena jani moja la chini limegeuka njano. Mama Atupokile akaambiwa, akaja kuangalia, akapiga makofi. "Tupokigwe amechemsha! Amevundika dume!" Bibi akarudisha maji kwenye kikombe, akauweka mmea palepale dirishani, akasema, "Ndizi ndiyo ya haraka. Huu ni mgeni, una taratibu zake." Na yeye aliyekuwa anafukua viazi akakaa Julai yote na Agosti yote bila kuugusa, miguu juu ya stuli, anautazama kwa mbali.

Tarehe 2 Septemba akainama kubadilisha maji. Ndani ya kikombe akaona kitu cha pinki. Alidhani ni karatasi ya pipi, wajukuu wametupia. Akaingiza kidole aitoe. Haikutoka. Akaivuta kidogo, ikagoma, imeshika. Ndipo akapiga ile kelele.

Babu alipofika na panga hakukuta nyoka. Alikuta mke wake ameshika ukuta, analia na kucheka, anasema, "Ndaga, Kyala! Ndaga fijo!" yaani anamshukuru Mungu sana. Babu akachungulia kwenye kikombe. Akachungulia tena. Akaweka panga chini.

"Geresoni," bibi akamwambia, "mtoto wangu anarudi. Wewe hukuwepo kwenye ile ahadi, kwa hiyo huna neno la kuongeza."

"Sijaongeza," babu akasema.

Lakini bibi hakutuma picha siku hiyo. Alisubiri ua lipande lisimame, lifunguke lote, likawa kubwa kama ngumi mbili, na vile vimaua vya bluu vikaanza. Ndipo Happyness akatuma video Makambako. Ikaonekana imefunguliwa. Bibi akashika simu kama ameshika yai. Halafu ujumbe: "Mama hiyo umeitoa mtandaoni 😂"

"Mpigie," bibi akasema. "Ya kuonana."

Erasto akatokea kwenye kioo, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Bibi akageuza simu kwenye ua.

"Niambie nishike wapi, ujue ni la kweli."

"Shika jani la kushoto, mama." Akashika. "Sasa weka mkono nyuma ya ua." Akaweka. Erasto akacheka, "Aisee. Aisee, mama!" Halafu akaacha kucheka. Akasogea karibu na simu.

"Mama, huo mkono mbona umekonda hivyo?"

"Nakuonyesha ua, wewe unaangalia mkono."

"Geuza simu nikuone."

Bibi hakugeuza. Akasema, "Ua limetoka, Erasto. Hicho ndicho nilichokupigia." Upande wa pili ikasikika mashine ya kupasua mbao. Kisha Erasto akasema, "Nakuja kesho, mama. Nimesema mwenyewe. Nakuja kwa sababu nimesema."

Na akaja. Bodaboda ilimshusha mchana, ukungu umeshapanda. Bibi alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Alimshika mkono, akampeleka moja kwa moja dirishani, akamsimamisha mbele ya ua kabla hata ya maji ya kunywa. Walisimama hapo. Erasto aliona miguu ya mama yake, na bibi aliona ameona, wakaachana nayo kwa siku hiyo.

Babu hakuwepo nyumbani. Aliposikia pikipiki alichukua jembe akapanda mteremko wa juu. Erasto akamfuata, na bibi akafungua dirisha ili asikie. Alisikia vizuri sana, baadaye aliwaiga wote wawili kwa sauti zao.

Kumbe kule juu parachichi zilikuwa zimemfika Erasto kifuani. Zimepaliliwa. Zimewekewa samadi kila shina. Erasto akasimama katikati yake.

"Tata, nani amezitunza hizi?" akamuuliza baba yake.

"Sikukutunzia wewe. Nilitunza shamba."

"Umekula?" babu akauliza.

"Bado."

"Basi kwanza shika jembe. Mstari ule sijaumaliza."

Wakarudi jioni wote wawili na njaa, na bibi alikuwa ameshapika ndizi kwa nyama za kulisha harusi. Erasto hakurudi Makambako.

Ua lilikaa miezi, watu walikuja kutoka Igogwe mpaka Isongole kuliona. Bibi alikuwa anawaeleza wote bila kubania: subiri mmea ukomae, toa maji kwenye kikombe, funika na ndizi mbivu kama wiki, rudisha dirishani, halafu acha kuuchungulia. Chini yake yalitoka machipukizi mawili. La kwanza alipewa mama Atupokile, ambaye alilipokea kwa mikono miwili bila kusema neno lolote kuhusu dume.

Mwishoni mwa Januari 2025 hali ya bibi ilibadilika. Alilazwa Igogwe, madaktari na manesi wakamhudumia kwa upendo, tunawashukuru sana. Aliomba arudi nyumbani na akaruhusiwa. Mchana wa Alhamisi tarehe 13 Februari 2025 alikuwa amelala sebuleni, Beatrice amemshika mkono. Nje kwenye baraza babu na Erasto walikuwa wanabishana, sauti juu, kuhusu parachichi zikatwe matawi sasa au zisubiri mvua ipungue. Beatrice akainuka awanyamazishe. Bibi akamvuta mkono.

"Waache," akasema. "Wanaongea."

Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Alifariki saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka 71, huku anawasikiliza.

Bibi Tupokigwe ameacha mume, Mzee Geresoni Mwakanyamale; watoto watatu, Beatrice, Hosea na Erasto; wajukuu saba, akiwemo Happyness; wadogo zake wa Isongole, na mama Atupokile, ambaye bibi mwenyewe alisema ahesabiwe ndugu.

Pumzika, bibi. Kazi uliyotaka kuimaliza umeimaliza, na Mungu aliyekupa subira akupokee kwa amani.

Ukimaliza kusoma karatasi hii usiiache kwenye benchi. Mpe mwingine asome, au ipige picha umtumie ndugu yako aliye mbali.